Tangi la petroli la Land Rover ya 1973: nilitibu au nilizike?

Landa la Baba (Jinja)

Wakubwa kwa wadogo, salaam.

Nina Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88, ya mwaka 1973, injini ya petroli ya lita 2.25. Marehemu baba aliinunua mnadani ikiwa imeshachoka, akabebea mbuzi, mahindi, maharusi, na mara moja jeneza. Nimeirithi mimi, pamoja na madeni yake. Bodi yake ni alumini, kwa hiyo ukiiona kwa mbali utadhani bado msichana. Chini huko ni chuma: chasisi na tangi. Na chuma kimezeeka.

Jumamosi iliyopita natoka Jinja kwenda Kampala. Nimeingia msitu wa Mabira, kwenye mwinuko gari likaanza kukohoa, likazima. Nikafungua boneti nikaitazama injini kwa uso wa mtu anayejua. Baada ya dakika kumi nikapiga starta, likawaka kama halijakosa kitu. Kilomita nne mbele, yale yale. Mara ya tatu ilinikuta Najjembe penyewe, kwenye soko la kando ya barabara, basi nikanunua kuku wa kijiti na gonja (ndizi za kuchoma), nikala bila haraka. Kumaliza mfupa wa mwisho, gari likawaka.

Niliporudi nyumbani nikaangalia kile kikombe cha kioo kwenye pampu ya mafuta. Chini kulikuwa na tope jekundu, na tone la maji likitembeatembea kama jicho. Nikapapasa tangi kwa chini: mkono ukatoka umelowa, unanuka petroli.

Wasiolijua gari hili niwaambie: tangi la Series III fupi liko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Huku kwetu usukani uko kulia. Kwa hiyo petroli yote ile nimeikalia mimi.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisema neno moja tu: "Tunachomelea." Akaenda kuchukua tochi ya gesi. Tangi bado limo garini, petroli imo tangini! Nikawasha gari nikaondoka, nikimshukuru Mungu kwamba siku hiyo halikuzima.

Naomba ushauri. Nisafishe? Nizibe? Nichomelee? Ninunue jipya? Au niweke jerikeni kama wenzangu wa teksi?

Kijana wa Kisekka (Kampala)

Ssebo, jerikeni ndiyo dawa 😂 Lita tano miguuni kwa abiria, mpira mmoja hadi kwa pampu, unaona mafuta kwa macho yako, geji ya nini?

Natania. Nimeona moja likipinduka na jerikeni yake na sitaki kusimulia. Kuhusu tangi: hapa Kisekka nimezunguka kwa ajili yako maduka ya watu ninaowajua. Ya Series III yapo mawili, yote yametoboka pale pale palipotoboka la kwako. Mwenye nayo anayauza bei ya jipya. Usinunue.

Bisbisi Bapa (Katwe)

Kaka, kabla hujauliza dawa, uliza ugonjwa. Gari linalozima kilimani na kuwaka baada ya kupumzika lina mambo mawili ya kushukiwa kwanza.

La kwanza ni pumzi. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie. Tundu la kupumulia likiziba, pampu inavuta hadi inashindwa. Siku nyingine likizima, usiguse boneti. Nenda kwenye kifuniko cha tangi, kifungue taratibu, usikilize. Likivuta "fyuuu", umemjua mchawi wako.

La pili ni kutu. Injini ikivuta, vumbi la kutu linakusanyika kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea ndani ya tangi. Injini ikizima, hakuna kinachovuta, vumbi linaanguka, unawaka tena. Ukienda kilimani unavuta sana, linaziba upesi. Kwa hilo tope ulilolisema, mimi naweka pesa yangu hapa.

Fungua kifuniko utuambie umekuta nini. Ukishalishusha tangi, chukua bisbisi ya ncha, lidunge chini kote, hasa pembeni mwa mikunjo na chini ya mikanda. Usilionee huruma. Panapopitisha bisbisi leo pangepitisha petroli mwezi ujao. Chuma kilicho hai kinalia "ti". Kilichokufa kinasema "pu".

Afande Mstaafu (Bombo)

Vijana, mimi niliendesha na kutengeneza magari ya jeshi miaka ishirini na kitu. Nataka kusema juu ya huyo fundi wa tochi.

Kulikuwa na karakana moja, sitaitaja. Waliletewa tangi kavu. Nasema kavu: lilikuwa limekaa juani wiki tatu, kifuniko wazi, limegeuzwa juu chini. Mchomeleaji alikuwa kijana mzuri, mkono wake ni wa dhahabu. Akanusa, akasema hakuna kitu humo. Akaweka moto. Tangi lilifunguka kama ganda la njugu. Upande mmoja tuliukuta juu ya mabati ya jengo la pili. Yeye aliishi, lakini macho hayakupona.

Tangi lililojaa petroli linawaka. Tangi tupu linalipuka. Watu wanaogopa lile la kwanza na kulidharau la pili.

Mwalimu wa Kemia (Mbarara)

Pole sana kwa hilo, Afande. Niongeze sababu, kwa kuwa vijana wengi hudhani ni mkosi.

Petroli yenyewe ikiwa kimiminika haiwaki, unaowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mchanganyiko unaowaka ni mvuke wa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Ukizidi hapo, hewa haitoshi. Ukipungua, mafuta hayatoshi. Tangi lililojaa lina mvuke mwingi mno. Tangi lililomwagwa ndilo linaloangukia katikati, penye hatari. Tena petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Kampala. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mama wa chai mita kadhaa kutoka ulipo.

Kwa nini wiki tatu juani hazikutosha? Kwa sababu petroli hujificha kwenye mikunjo ya bati na chini ya magamba ya kutu. Pua haiioni. Ukipasha moto, inatoka yote kwa pamoja.

Landa la Baba (Jinja)

Afande, ahsante. Nimekusoma mara mbili, na mke wangu nimemsomea, sasa hataki hata kupanda gari.

Ripoti ya kifuniko: hakuna "fyuuu". Ila nimegundua jambo la aibu. Kifuniko si cha gari hili. Baba alipoteza cha asili, akaweka cha gari jingine, na ndani yake akakata mpira wa tyubu ya baiskeli uwe kizibo. Mpira umevimba na petroli, umejikunja kama sikio la mbwa, pembeni pana mwanya unaoingiza kalamu. Na mdomo wa tangi uko ubavuni mwa gari, nyuma ya mlango. Kila nikilipeleka kuoshwa, kijana anapiga maji ya presha hapo hapo.

Nilikuwa nimejiandaa kulaumu tabia yetu ya kununua mafuta ya elfu kumi kumi. Nimesikia kwamba tangi likikaa nusu, hewa iliyomo inatoa maji usiku.

Mwalimu wa Kemia (Mbarara)

Hilo la hewa ya usiku linaniudhi kila ninapolisikia, nivumilieni nipige hesabu.

Hewa ya nyuzi 25 iliyoshiba unyevu kabisa hubeba gramu 23 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Tangi lako ni la lita 45 hivi. Likiwa tupu kabisa, hewa yake yote ina gramu moja ya maji. Gramu moja! Na hewa hiyo haibadilishwi yote kila usiku. Joto likishuka nyuzi 10, hewa husinyaa asilimia 3 hivi, maana yake tangi huvuta lita moja na nusu ya hewa mpya. Hata maji yote ya hewa hiyo yangebaki humo, kwa mwaka mzima ungepata kijiko kimoja cha chakula.

Ulikuta maji kiasi gani?

Landa la Baba (Jinja)

Glasi nzima, Mwalimu. Nimelishusha jana.

Kwa atakayefuata njia hii: nilitoa betri kwanza, kwa sababu geji ina waya wa umeme juu ya tangi na sikutaka cheche. Nje, chini ya mwembe, si ndani ya gereji. Nikafungua nati ya chini, lita kumi na moja zikatoka kwenye ndoo ya chuma, za mwisho zikiwa rangi ya chai ya rangi. Halafu nikatoa mto wa kiti na kile kibati chini yake, nikaona juu ya tangi: floti ya geji (kile kiboya kinachoelea kupima mafuta) na bomba la kunyonyea. Mpira mnene wa kujazia ulikuwa umekauka, nikaukata kwa kisu. Boliti nne zikanikatalia, mbili zikakatika. Jumla saa tano, pamoja na mvua.

Nikadunga kama alivyosema Bisbisi. Upande wa juu: ti, ti, ti. Ubavu: ti. Chini, nusu ya nyuma: pu.

504 wa Busia

Mimi ni mtu wa Peugeot, nawaonea huruma tu nyinyi wa Land Rover. 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, nyie mlikuwa mnabeba mbuzi.

Lakini nitakusaidia. Ukiwa njiani tangi likatoboka, chukua sabuni ya mche, ile ngumu ya kufulia. Isugue kwenye tundu huku ukiikandamiza hadi iingie. Petroli haiyeyushi sabuni. Niliwahi kutoka Busia hadi Mbale na sabuni kwenye tangi, tena na mzigo. Usijaribu bazoka ya kutafuna, hiyo petroli inailainisha unabaki na uji. Ila maji yanaiyeyusha sabuni, kwa hiyo omba mvua isinyeshe. Mimi ilinyesha nilipokaribia Mbale.

Landa la Baba (Jinja)

Mbuzi walifika wote salama, mwambie huyo Peugeot.

Mwalimu wa Kemia (Mbarara)

Kusafisha kutu: tafuta asidi ya sitriki, ile ya unga mweupe wanayoweka kwenye juisi na jamu. Gramu 50 kwa kila lita ya maji ya moto. Kwako ni kilo mbili na robo. Lakini kwanza osha mafuta kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu au nne, kwa sababu asidi haipenyi mafuta. Kisha jaza hadi mdomoni, acha usiku kucha, chungulia asubuhi. Siki nayo inafanya kazi, polepole, na utanuka kachumbari wiki nzima.

Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi kuua asidi, halafu maji safi, halafu kausha upesi. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi. Kitaanza kutu nyekundu ukikitazama.

Tahadhari moja: matangi mengi ya zamani yalipakwa mchanganyiko wa risasi na bati. Asidi inaondoa sehemu yake. Maji hayo usiyamwage kwenye shamba la mboga, na usilipige msasa tangi likiwa kavu bila kufunika pua na mdomo.

Bisbisi Bapa (Katwe)

Kabla ya asidi, toa magamba. Watu wanatia kokoto na kutikisa. Usitie kokoto. Zinavunjika, moja inabaki kwenye kona, utaisikia miaka mitano kila ukikata kona. Tia mnyororo, mita moja na nusu, ncha moja umeifunga waya inayobaki nje. Ukimaliza unavuta, umetoka wote.

Gerezani (Dar)

Habari za huko ndugu zetu. Shikamoo Afande.

Mbona mnajichosha? Kuna dawa ya kumimina ndani ya tangi, inakauka kama plastiki, inaziba matundu yote. Mimi nimeitumia kwenye pikipiki, mwaka wa tatu sasa. Unamwaga, unazungushazungusha, unamwaga inayobaki, siku nne unajaza.

Bisbisi Bapa (Katwe)

Ndugu wa Dar, tangi la pikipiki lina mdomo mpana, unaona ndani, unajua umesafisha. Na chuma chake kilikuwa kizima, si kweli? Dawa hiyo ni rangi. Rangi inashika ukuta, haijengi ukuta. Ukiipaka juu ya kutu na mafuta, itabanduka kama ngozi ya nyoka, itakwenda moja kwa moja kwenye bomba la kunyonyea. Mwaka jana nimetoa vipande kama makaratasi kwenye tangi la mtu, na kuitoa dawa iliyobaki ilinichukua muda kuliko kutengeneza tangi.

Wengine wanapaka gundi ya faibaglasi, ile ya mashua. Nyingi ya hizo petroli inazila. Epoksi inastahimili zaidi, lakini hata hiyo inataka chuma cha kushika.

Gerezani (Dar)

Kweli, la kwangu lilikuwa na kutu kidogo tu, halikutoboka. Nimekuelewa.

Landa la Baba (Jinja)

Jamani. Nimefuata yote: mnyororo, sabuni, asidi. Asubuhi nimekuta tangi limepungua nusu na chini ya mwembe pana dimbwi. Nimelisuuza, nikaingiza tochi ya betri kupitia tundu la floti, usiku, gizani. Tangi langu ni anga la Karamoja. Nimehesabu nyota kumi na nane nikaacha.

Kumbe kutu ndiyo iliyokuwa inaziba matundu!

Mwalimu wa Kemia (Mbarara)

Asidi haikulitoboa, imefungua tu jicho lako. Pole.

Mama Spea (Nairobi)

Pole baba. Mimi nauza vipuri vya magari ya zamani, niseme ninavyojua. Matangi mapya ya Series III bado yanatengenezwa Uingereza, si jambo la kutafuta kwenye makumbusho. Shida ni usafiri: ni sanduku tupu lenye nafasi kubwa, na wasafirishaji wengi wanatoza kwa nafasi, si kwa uzito. Ukiongeza ushuru, wengi wa wateja wangu huliagiza kupitia mtu mwingine anayeleta kontena, tangi likijazwa vitu vidogo ndani. Subira ni miezi.

Na usidhani utaagiza gari bovu la kukata vipuri. Kwenu Uganda tangu 2018 sheria inazuia kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi.

Kama una haraka, tengeneza. Kama huna, agiza.

Bisbisi Bapa (Katwe)

Sikiliza kaka, nikupe njia ya tatu. Ulisema juu ni ti, ti, ti. Sehemu ngumu ya tangi kutengeneza ni juu: kuna kiti cha floti na matundu yake ya skrubu, kuna bomba la kunyonyea, kuna bomba la pumzi, kuna masikio ya boliti. Vyote lazima vikae pale pale. Chini ni nini? Ni sufuria. Katwe tunatengeneza sufuria tangu babu zetu.

Kata tangi kiunoni. Tunza juu. Tengeneza chini mpya kwa shiti ya chuma ya milimita 1.2. Na zuri zaidi: tangi lililokatwa katikati si tangi tena, ni karai. Mvuke hauna pa kujificha, unaosha kila kona kwa brashi, unaona kwa macho. Ndipo moto unapokuja.

Lakini kulikata ni kwa msumeno wa mkono, limejazwa maji hadi usawa wa chini ya msumeno. Gurinda ikikaribia hapo kabla halijafunguka, mimi simo.

Wengine watakwambia uweke bati la mabati ili lisishike kutu. Zinki ikichomelewa inatoa moshi mweupe, jioni unatetemeka kama mwenye malaria. Chuma cheusi kinatosha, paka rangi nje.

Kijana wa Kisekka (Kampala)

Na alumini je? Nyepesi, haina kutu.

Bisbisi Bapa (Katwe)

Huwezi kuiunga na juu ya chuma. Ungetengeneza tangi zima, kwa mashine ya argoni, na ulitenganishe na chasisi kwa mpira, la sivyo vyuma hivyo viwili vikilowa vinakulana. Inawezekana. Yeye hana mfuko huo, amesema amerithi madeni.

Landa la Baba (Jinja)

Wiki tatu kimya, samahani, nilikuwa nasahihisha mitihani.

Nimelipeleka Katwe. Fundi niliyeelekezwa ni mzee mfupi asiyeongea. Alilinusa, akalijaza maji, akalikata kwa msumeno asubuhi nzima huku kijana wake akishikilia. Lilipofunguka tuliona yote: nusu ya nyuma ilikuwa kama ukoko wa ugali, na kwenye kona moja kulikuwa na kokoto tatu. Bisbisi, kokoto! Baba aliwahi kulisafisha kabla yangu. Nimeziweka mezani kwangu.

Mzee alichora umbo kwenye shiti kwa chaki, akakunja kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha reli. Akaweka kizuizi katikati kama kilichokuwa cha zamani, bati lililosimama lenye matundu kwenye pembe za chini, ili petroli isirukeruke. Akaosha nusu ya juu kwa maji ya moto na sabuni mara mbili mbele yangu, akaikausha, ndipo akawasha gesi. Hakuvuta mstari mmoja mrefu. Alichomelea nukta hapa, nukta upande wa pili, akaacha ipoe, akarudi. Alisema maneno mawili siku nzima: "Ukiharakisha, bati linajikunja." Basi ni matatu.

Jirani yake akaleta kompresa tulipime kama linavuja. Nikakumbuka kumuuliza Bisbisi kwa simu.

Bisbisi Bapa (Katwe)

Nilipiga kelele hadi wateja wakageuka. Watu hawajui presha. Chukua upande wa tangi wa sentimita 30 kwa 50. Ukiupa paundi 10 tu kwa kila inchi ya mraba, umeusukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani moja. Bati la milimita 1.2! Litavimba kama chapati. Kompresa ya gereji inatoa mara kumi ya hizo.

Ziba matundu, pampu ya baiskeli, paundi mbili zinatosha, paka povu la sabuni kwenye mishono. Povu likicheka, hapo pana tundu.

Landa la Baba (Jinja)

Povu lilicheka mahali pawili. Mzee akatoa hewa, akaparudia. Mara ya pili kimya.

Yote, shiti, gesi, kazi na chakula cha vijana, laki mbili na themanini. Nikapaka rangi ya kuzuia kutu nje, tabaka tatu. Niliporudisha nikabadilisha mpira wa kujazia, mpira wa pumzi na klipu zote. Bomba la chuma hadi kwenye pampu nilipuliza kwa kinyume, likatoa kijiko cha unga mwekundu. Ningesahau hilo ningekuwa nimeweka maji safi kwenye kikombe kichafu. Nikaweka chujio cha plastiki angavu kabla ya pampu. Kifuniko sahihi chenye mpira wake nimeuziwa na Mama Spea, kimefika kwa basi la Busia.

Jumapili Jinja hadi Kampala na kurudi. Halikuzima hata mara moja. Najjembe nilisimama kwa hiari yangu.

504 wa Busia

Hongera. Hata Land Rover hufika.

Landa la Baba (Jinja)

Nimerudi, na nina aibu.

Jana asubuhi limezima juu ya daraja jipya la Nile. Si mahali pa kusimama, askari wa darajani alikuja mbio na bunduki yake kabla sijafungua mlango. Geji inasoma robo. Nikafungua kikombe cha kioo: kisafi, kikavu. Kikavu kabisa. Petroli imekwisha! Askari ndiye aliyenisaidia kusukuma, akacheka hadi upande wa Njeru.

Nimepima. Sufuria mpya ya mzee imepungua kina kwa sentimita moja na nusu. Floti inagonga chini kabla sindano haijafika mwisho.

Afande Mstaafu (Bombo)

Huyo askari mnunulie soda.

Dawa ni nyepesi. Toa floti, ukunje mkono wake kidogo kwenda juu ili sindano ifike tupu floti inapokaribia kugusa chini. Kunja kwa koleo mbili, moja ishike karibu na mwili wake usije ukavunja. Kisha utaona juu haisomi kamili, hilo liache. Dereva hadanganywi na tangi lililojaa.

Halafu mwaga petroli yote, tia lita tano tano kwa kopo la kipimo, kila mara andika sindano iko wapi. Tulifanya hivyo kwa kila gari lililobadilishiwa tangi.

Landa la Baba (Jinja)

Nimefanya, Afande, leo jioni, mwanangu akishika kalamu. Lita tano: juu ya alama ya tupu, unene wa sindano. Kumi: chini kidogo ya robo. Ishirini: nusu kamili. Thelathini na tano: robo tatu na kitu. Arobaini na moja: sindano imeishia hapo hapo, na petroli imefika mdomoni.

Tumeandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika chini ya geji. Mwanangu ameongeza kwa mwandiko wake: "Chini ya robo, usivuke daraja."